Kabla ya Daraja la Juu ya Miti, Tutengenezeeni Njia na Choo

Mara ya mwisho nilipopanda kwa miguu kutoka lango la Zigi kwenda Amani, kwenye msitu wa hifadhi wa Usambara Mashariki mkoani Tanga, nilimkuta mzee mmoja amechutama katikati ya njia, jembe kalilaza pembeni, mikono yote miwili ndani ya udongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita kwa juu, hapo chini ndiyo kwanza napasawazisha."

Badala ya kupita nilisimama kumtazama. Alikuwa amelaza gogo jembamba likikata njia kwa mshazari, nusu yake limezama ardhini, na mbele ya gogo amechimba kijifereji kisichozidi urefu wa mkono. Alipomaliza kukishindilia kwa kisigino, akachukua kidumu chake cha maji ya kunywa, akayamimina kidogo upande wa juu wa njia. Maji yakateremka, yakaligonga gogo, yakageuka, yakatokomea kwenye majani upande wa bondeni. Mzee akaniangalia.

"Umeona? Yameondoka. Yangeendelea kuifuata njia, masika ijayo hapa pangekuwa korongo."

Siku nzima iliyobaki niliitumia kuhesabu vijifereji kama kile. Niliporudi chini jioni nilikuwa na hakika na jambo ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka kwa miaka: katika misitu yetu ya milimani, kazi ya mzee yule ndiyo inayostahili kutangulia kwenye bajeti ya burudani. Lango kubwa la saruji, bembea ya kupigia picha na daraja la kamba linalopita juu ya miti vinaweza kusubiri. Tunachohitaji kwanza ni njia inayopitika, choo kinachofunguka, na mahali padogo pa kukaa kivulini.

Naandika nikiwa na misitu ya Usambara Mashariki akilini kwa sababu ndiyo niliyoitembea zaidi, lakini ninayoyasema yanaihusu milima yote ya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Vilima vya Taita upande wa Kenya na kushuka Pare, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa. Amani ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini Tanzania kupewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia, mwaka 1997. Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaiweka hadhi hiyo miongoni mwa misitu ya hifadhi ya taifa. Tofauti yake na msitu wa kawaida wa serikali ni kwamba humo mti haukatwi kwa ajili ya mbao. Kwa hiyo kipato kinachotarajiwa kutoka kwa mgeni kina uzito wa pekee, na hapo ndipo kishawishi cha kujengajenga kinapoingia.

Nirudi kwenye njia, maana watu wengi hudhani njia ya msituni ni mahali palipokanyagwa tu. Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mwinuko wa kutoka Zigi ni mkali. Njia ikichorwa kupanda moja kwa moja kuelekea kileleni, mvua ya kwanza itaigeuza kuwa mfereji, kwa kuwa maji nayo hutafuta njia fupi kama mtu mwenye haraka. Waliobobea katika kazi hii wana kanuni rahisi: njia iukate mteremko kwa ubavu, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko wenyewe. Tena uso wake uinamishwe kidogo upande wa bondeni, maji yatambae na kutoka kabla hayajapata nguvu. Pasipowezekana, ndipo yanapokuja magogo na vijifereji vya mzee yule. Hakuna saruji hapo wala mashine. Kuna mtu mwenye jembe anayelipwa kurudi kila baada ya mvua, kwa sababu kijifereji kikijaa majani kinakufa, na kikifa njia nayo inafuata.

Njia mbovu hubomoa zaidi ya miguu ya wapandaji. Ikishaharibika, kila mgeni hutafuta pa kukanyaga pembeni. Wiki hii anapita mmoja, wiki ijayo kumi, na mwisho wa mwaka njia ya upana wa hatua moja imekuwa uwanja wa hatua nne. Kwenye kona watu hukata mkato, na mkato huo ndio unaoanzisha korongo jipya. Nimepaona mahali ambapo mizizi ya mti mkubwa imebaki wazi kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Mti ulikuwa bado umesimama, ila udongo uliokuwa ukiushikilia ulikuwa umeondoka na viatu vyetu.

Sasa choo. Najua si mada ya kupendeza, lakini nitaisema.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na ndugu zangu kwenye kambi moja ya mlimani, si ya Usambara, na jina lake nitalihifadhi. Tulikuwa watu tisa, kati yetu shangazi yangu aliyekuwa amevuka miaka sitini na watoto watatu. Tulilipa kiingilio, tukapewa stakabadhi, tukaelekezwa kambini. Choo kilikuwepo, kimejengwa vizuri, kimepakwa rangi, na kimefungwa kwa kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa ameshuka mjini. Shangazi hakulalamika. Alimshika mkono binti mdogo kuliko wote, wakaingia kichakani, na waliporudi alikaa kimya hadi usiku. Hajakubali tena kwenda msituni na sisi, na siwezi kumlaumu. Asubuhi yake nilipotembea kuzunguka kambi niliona kwamba hatukuwa wa kwanza. Karatasi zilikuwa zimetapakaa nyuma ya kila mti mnene, na hatua ishirini chini yake kulikuwa na kijito.

Huko Amani vijito vya namna hiyo hushuka kuingia mto Zigi. Zigi huingia bwawa la Mabayani, na kutoka bwawa hilo jiji la Tanga hupata maji yake. Mtu aliyesimama Chumbageni na ndoo chini ya bomba anakunywa mlima ule. Ndiyo maana jambo la choo haliwezi kuwa la anasa, wala la mwisho kwenye orodha. Kambi isiyo na choo kinachofanya kazi haifai kupokea watu, hata kama mandhari yake ni ya kutoa machozi. Na pale ambapo kambi haipo kabisa, anayetembea ajue utaratibu: asogee mbali na maji angalau mita 60, achimbe shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, afukie, na karatasi arudi nayo kwenye mfuko wake. Sabuni nayo isiingie mtoni. Chota maji kwenye sufuria, kaoshee vyombo mbali, umwage ardhini. Haya yangeandikwa kwa Kiswahili kizuri kwenye ubao mmoja pale langoni, yangesaidia kuliko mabango kumi ya "Karibu".

Kuna anayeniambia kwamba mgeni hawezi kuja kuangalia choo, kwamba bila kivutio kipya msitu hauuziki. Nimemsikiliza mara nyingi na bado sikubaliani naye. Amani ina bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na ukitembea ndani yake unapita chini ya miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia. Ina mbega weupe, ina vinyonga, ina hondohondo ambao ukisikia mbawa zao zikikata hewa juu ya kichwa chako unadhani kuna mtu anapuliza kwa nguvu kupitia meno. Na kwenye miamba yenye unyevu, kivulini, kuna kale kaua ka zambarau ambako Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alikapeleka kwao mwaka 1892, kakapewa jina Saintpaulia, na leo vizazi vyake vinauzwa kwenye vyungu vya madirishani kote ulimwenguni.

Kaua hako nilioneshwa na kijana mwongoza wageni. Nisingekaona mwenyewe. Tulipiga magoti mbele ya jabali lililofunikwa na ukoga wa kijani, akanyoosha kidole bila kugusa: majani manene yenye vinywele, yamejibanza kwenye ufa usiopitisha sarafu, na maua mawili tu, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na katikati vitone viwili vya manjano. Akaniambia hapo mti wa juu ukianguka, jua likapiga jabali, mmea huu haumalizi kiangazi. Tulikaa pale muda mrefu. Hakuna kilichojengwa mahali pale zaidi ya njia iliyotufikisha, na bado sijaona kivutio kilichonigusa zaidi.

Hofu yangu kubwa kwa misitu hii ni uwazi. Kila kambi mpya, kila eneo la pikiniki lenye nyasi nzuri, kila maegesho ya magari yanadai miti iondoke. Kwenye misitu mingine pengo hujifunga. Usambara Mashariki pengo lina mgeni anayelisubiri: Maesopsis, mti ulioletwa Amani enzi za Wajerumani, ukaenea kwa kasi hasa pale ambapo uvunaji wa mbao wa karne iliyopita uliacha mapengo. Unapenda mwanga na hukua haraka, na hondohondo haohao tunaowapenda hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Ukifungua uwanja wa kupigia kambi katikati ya msitu wa asili, umeukaribisha.

Kwa hiyo sehemu za kupumzikia ziwekwe palipokwisha kufunguliwa zamani. Zigi ni mfano mzuri: kituo cha kupokelea wageni kipo kwenye jengo la zamani la stesheni ya reli ya Wajerumani. Hapakuhitajika mti mpya kukatwa. Kuna viwanja vya nyumba za zamani, kuna kingo za mashamba ya chai, kuna vijiji vyenyewe ambavyo mama mwenye nyumba safi na chai ya tangawizi anaweza kumlaza mgeni vizuri kuliko hema. Msituni ndani pabaki njia, benchi la gogo hapa na pale kwa mtu aliyechoka, basi.

Kelele nazo. Nitasema kifupi. Kundi la vijana likija na spika kubwa Jumamosi, hondohondo huondoka, na mzee aliyepanda kwa muda wa saa mbili kuwasikia hurudi bila kitu. Sisemi vijana wasije. Nataka waje, tena wengi. Lakini pawe na sehemu yao chini, karibu na lango, yenye majiko ya kuchomea nyama na mapipa ya taka yanayomwagwa, na juu pawe pa kusikiliza. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu Juni 2019 na misitu imepumua, ila chupa bado zinapanda mlima zikiwa zimejaa na kubaki huko zikiwa tupu. Chupa iliyopandishwa ikiwa nzito inashuka ikiwa nyepesi. Sioni kisingizio.

Haya yote nayasema kwa ajili ya watu wetu wenyewe. Uluguru iko juu ya kichwa cha Morogoro mjini, Rungwe iko jirani ya Tukuyu, Magamba ni mwendo mfupi kutoka Lushoto, Chome iko mgongoni mwa Same. Hizi si sehemu za mbali. Hata hivyo nimekutana na watu waliozaliwa chini ya milima hiyo na hawajawahi kuingia, wakiamini msitu ni wa watafiti na wazungu wenye darubini. Mgeni wa kutoka ng'ambo ana viatu maalumu na atavumilia njia mbovu akaiita safari ya ujasiri. Mama wa Muheza aliyevaa kandambili, na mtoto wake mgongoni, hatavumilia, wala hapaswi kuvumilia. Njia ikimfaa yeye, imetufaa sote. Choo kikimsitiri shangazi yangu, kimemsitiri kila mtu.

Na wale wanaoitunza njia walipwe kwa mwaka mzima, si kwa msimu wa wageni. Kazi kubwa ya njia iko Aprili na Mei, mvua inaponyesha na wageni hawapo, na ndipo mtu mwenye jembe anapohitajika mlimani kila siku.

Nimemwambia mzee yule nitarudi Juni, masika ikiisha. Alicheka, akasema nije na viatu vya mpira maana umande utakuwepo bado. Nikifika Zigi nitaiacha bustani kwanza. Nitakwenda moja kwa moja hadi kwenye lile gogo la mshazari, niangalie kama kijifereji bado kiko wazi.