Mafunjo yarudi Kigezi, sawa, ila mkulima atakula nini?

Huku Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, ukitoka Kabale kwenda Kisoro ukiangalia mabondeni unaona viazi, kabichi, majani ya ng'ombe wa maziwa, na katikati mtaro umenyooka kabisa. Zamani huko chini yalikuwa mafunjo tu, yale majani marefu ya swampu. Kukausha kulianza enzi za ukoloni, miaka ya 1940, sababu milimani watu walishabanana, na serikali zilizofuata hazikuzuia, kwahiyo anayemuita mkulima wa leo mharibifu anaruka historia kidogo.

Ila wanaotaka swampu zirudi nao wana hoja nzito. Mwaka 1994 ardhioevu zilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya Uganda, sasa zilizobaki nzima hazifiki 10. Kigezi milima imesimama wima, mvua ikipiga maji yanateremka kwa kasi, na kilichokuwa kinayashika na kuyaachia polepole mpaka kiangazi ni hiyo swampu. Halafu kuna korongo taji, yule wa kwenye bendera yetu, anataga humo humo kwenye majani ya swampu na sasa yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani. Bendera tunapeperusha, kiota tunalima viazi.

Na hata hiyo faida ya viazi ina mwisho. Udongo wa swampu ni mweusi, ni majani yaliyooza nusu kwa miaka mingi sana, ukiutoa maji unaanza kuoza upya na kushuka, shamba linazama, mtaro inabidi uchimbwe zaidi, unakauka tena, unashuka tena. Miaka ya mwanzo unavuna mpaka majirani wanakuonea wivu, baadaye unaanza kununua mbolea.

Sasa njoo kwa mkulima. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhioevu serikali inazishika kwa niaba ya wananchi, na 2014 baraza la mawaziri likaamua hati za ardhi zilizotolewa humo baada ya 1995 zifutwe. Sawa, lakini bondeni wengi hati hawana kabisa, wana shamba la babu au karatasi ya mauziano aliyosaini mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Umwambie nini huyo, kwamba alichonunua mbele ya mashahidi si chake? Na 2024 ameona kwenye TV nyumba zinabomolewa kwenye swampu ya Lubigi karibu na Kampala, kwahiyo mtu wa mazingira akifika kijijini, hata akija na tabasamu, watu wanaona tingatinga nyuma yake.

Kinachonisumbua zaidi ni maji yenyewe. Tuseme wewe umekubali, unaziba mtaro kwako, mizizi ya mafunjo ikiwa bado ipo chini yatachipua bila kupandwa. Ila maji hayajui mpaka, yatapanda mpaka kwa jirani wa juu na viazi vyake vitaoza, na huyo hajakubali chochote. Kwahiyo mtu mmoja mmoja haiwezekani, lazima bonde lote au angalau kipande kizima kuanzia juu, na hapo mmoja tu akikataa kazi imesimama.

Mfuko wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, GCF, uliidhinisha dola milioni 24 mwaka 2016 kwa kazi hii kusini magharibi na mashariki: kurudisha swampu huku watu wakipewa njia nyingine, mifugo, mabwawa ya samaki, umwagiliaji mdogo mdogo. Naiunga mkono kuliko askari. Tatizo ni muda, viazi ni miezi mitatu minne hela iko mkononi, ndama hakamuliwi kesho, na ada ya shule haisubiri. Kama hakuna pesa ya kumvusha mkulima hiyo misimu ya katikati, ataufungua mtaro usiku na mi sitamshangaa.

Halafu kuna watu wa Rushebeya-Kanyabaha huko Rukiga, swampu yao bado ina mafunjo, wanakata kidogo kidogo ya kufuma mikeka na vikapu. Wao hawakukausha, je mradi ukija wanapata nini? Aliyeharibu apewe ng'ombe, aliyetunza apewe semina? Mi hela ningeanza kuzipeleka huko.