Samani za Kubana Nafasi Zimenibana Mimi

Hivi aliyesema sebule ni mahali pa kupumzikia alikuwa amepanga mtaa gani? Yangu iko Tabata, futi 10 kwa 10, na ina milango minne: wa nje, wa chumbani, wa jikoni na wa choo. Yote minne inafungukia sebuleni. Nadhani fundi aliyejenga alilipwa kwa idadi ya milango. Mmoja akitoka chooni na mwingine akiingia na mfuko wa mkaa, lazima wapigiane honi.

Katika sebule hiyohiyo, Mama Neema anataka seti ya sofa. Seti kamili, ile ya tatu-mbili-moja-moja, kwa sababu eti mgeni akiingia akakuta stuli za plastiki anajua mwenye nyumba bado anajitafuta. Nikachukua futikamba na kalamu, nikampigia hesabu. Sofa ya watu watatu ni futi 7 kwa 3, hizo ni 21 za mraba. Ya wawili, 5 kwa 3, ni 15. Zile mbili za mtu mmojammoja ni 18. Hapo tayari 54, meza bado. Meza ya kioo 8, stendi ya TV 7 na nusu. Halafu milango. Mlango wa futi 3 ukifunguka unafyeka robo duara, kama futi 7 za mraba; mara nne, 28. Sebule nzima ni 100. Zinabaki futi 2 na nusu za mraba, na hizo ndizo za baba, mama, watoto wawili na mdogo wake mama aliyekuja mjini kutafuta kazi.

Mama Neema akaitazama karatasi kwa makini. "Sasa si inaenea?"

Nikaingia kwenye simu kutafuta samani za kubana nafasi. Loo! Picha nzuri mpaka unataka kuhamia ndani ya simu. Sebule ndogo, nyeupe, kochi moja la kijivu, ua moja kwenye chungu, kitabu kimoja juu ya meza. Lakini tazama vizuri. Wale watu mchele wanaweka wapi? Mtungi wa gesi wa akiba uko wapi? Madumu ya maji ya siku za mgao? Feni? Pasi na blanketi lake la kunyooshea? Na pikipiki inalala wapi? Yangu inalala sebuleni, tena usinicheke, mtaani kwetu sio mimi peke yangu. Ukiilaza nje, asubuhi unakuta doa la oili na shukrani za mwizi.

Nikaenda Keko. Dar es Salaam ukitaka samani na huna ubavu wa kuingia maduka yenye kiyoyozi, unakwenda Keko. Fundi akanipokea na sofa-kitanda. "Bosi, ukivuta hapa, kitanda. Ukirudisha, sofa. Ukifunua huku chini, sanduku la mashuka."

"Na chai inapika?"

"Hiyo toleo lijalo, bosi."

Sofa-kitanda ni kitu kizuri sana mpaka mtu alale. Ukiivuta inakuja futi 6 mbele na kwenda kujigongesha kwenye mlango wa choo. Kwa hiyo ikifika saa nne usiku natangaza nyumba nzima: mwenye haja aende sasa, tunafunga barabara. Na huyo anayelala juu yake ni nani? Watu wanadhani ni mgeni. Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe. Utamlaza mama mkwe sebuleni, juu ya kitu kinachokunjwa, mkwe wake apite hapo alfajiri na taulo? Thubutu! Mama mkwe alilala chumbani na binti yake. Sofa-kitanda nikakabidhiwa mimi. Pale katikati, godoro linapokunjikia, kuna chuma kinachopita sawasawa na kiuno. Fundi alinionyesha kwa fahari jinsi kitanda kinavyokunjwa. Jinsi ninavyokunjwa mimi hakugusia.

Wanasimulia kwamba Mmarekani mmoja, William Murphy, alikuwa anakaa chumba kimoja San Francisco mwanzoni mwa karne ya 20. Kitanda kimejaza chumba chote, naye ana mwanamke anayetaka kumkaribisha kwa heshima. Akabuni kitanda cha kusimamisha ukutani, mchana ukidhani kabati. Mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Namheshimu sana huyu bwana. Ila Murphy alikuwa anamkaribisha mtu mmoja. Mimi nikitaka kumkaribisha mtu mmoja anakuja na watoto wanne na shangazi yao.

"Basi tumia ukuta," wataalamu wa simuni wanakuambia. "Panda juu!" Ukuta upi? Mkataba wangu unasema mpangaji asipige msumari. Nikapiga mmoja kwa siri, wa rafu ndogo tu, nikakuta plasta yenyewe ni mchanga uliopakwa rangi. Msumari uliingia kwa kidole. Ukatoka wenyewe, na rafu, na sufuria mbili, wakati wa taarifa ya habari.

Hapo ndipo ninapowaheshimu mafundi wa zamani wa pwani. Nenda Lamu, nenda Mji Mkongwe Zanzibar, tazama zile nyumba za mawe. Vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazizidi sana mita 3. Mti ndio uliopanga upana wa chumba. Lakini wakatengeneza zidaka mlemle ukutani, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya kauri na vitu vya thamani. Rafu haina msumari, haichukui hata inchi ya sakafu. Na chini, jamvi! Mgeni akija unatandaza, akiondoka unakunja unasimamisha nyuma ya mlango. Watu sita wanaenea, wa saba anasogelewa. Nionyeshe sofa inayoweza hivyo.

Nikampelekea Mama Neema hoja hiyo, na mifano yote ya Lamu. Akaniambia, "Sawa, Baba Neema. Kaka yangu akija na suti yake ya ofisini, utamwambia wewe akae chini."

Ndiyo tukanunua kiti-sanduku. Hiki wote tulikubaliana. Juu kina sponji na kitambaa cha kung'aa, ndani ni pango. Unakalia na unahifadhia humohumo. Mama Neema akaweka humo mchele kilo 25, maharage, na lile birika la wageni. Sebule ikapumua. Nikajisifia kwa majirani.

Jumapili, kaka mtu akaja. Shemeji yangu ni mtu wa heshima, mwili wake pia una heshima, na kwa kuwa sofa-kitanda alishaikalia siku moja akaijua, akaenda moja kwa moja kwenye kiti-sanduku. Akatulia. Mazungumzo yakakolea. Saa saba ikafika. Jikoni, nazi imeshakunwa, kuku anachemka, na mchele uko chini ya shemeji.

Mama Neema akanikonyeza. Nikajifanya sioni. Akanikonyeza tena, mara hii na mwiko mkononi. Sasa mtu unaanzaje? Nikakohoa nikasema, "Shemeji, samahani, hebu nyanyuka kidogo."

Akanyanyuka. Akatazama saa. Akatazama sahani tupu juu ya meza, akatazama uso wangu. "Ahaa," akasema taratibu, "hata mimi nilikuwa naona muda umekwenda." Akapeana mikono na watoto, akachukua kofia yake. Nikabaki nimeshika mfuniko wa kiti na kilele cha mchele kikimtazama, naye tayari yuko getini.

Mama Neema hakusema nami mpaka Jumatano. Kuku tulimla wenyewe, wali ukatosha mpaka kesho yake, na chai ya asubuhi tukanywea kiporo. Jana usiku akavunja kimya. Aliniuliza yule fundi wa Keko anauza shilingi ngapi kiti kingine kama kile, maana mwezi ujao ndugu zangu mimi wanakuja kutoka Singida, nao amepanga kuwawekea unga.