Kioo cha saa: kutokwaruzika ni jambo moja, kutovunjika ni jingine

Safaya husifiwa kuwa haikwaruziki, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Safaya ya saa ni fuwele ya oksidi ya alumini inayokuzwa kiwandani, na kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ina 9. Kioo cha madini, yaani kioo cha kawaida, kiko kati ya 5 na 6; akriliki, ambayo ni plastiki angavu, karibu 3. Namba ya kuangalia ni 7, yaani ugumu wa kwazi, madini yaliyomo kwenye mchanga na vumbi. Ukifuta kioo cha madini kwa kitambaa chenye vumbi, kwazi inachora; kwenye safaya inateleza tu. Ukiona michirizi juu ya safaya, mara nyingi kilichochubuka ni tabaka la kupunguza mng'ao wa mwanga lililopakwa kwa nje, si safaya yenyewe.

Ila safaya haipindi. Pigo kali ukingoni huimega au kuipasua, na chembe zake ngumu huchora uso wa saa au kukwamisha mishale na mashine. Hapo unene una uzito kuliko jina: nguvu ya kukivunja kioo bapa hupanda kwa mraba wa unene, kwa hiyo milimita 1.5 huhimili takriban mara 2.25 ya milimita 1.

Akriliki ni kinyume chake. Inakwaruzwa na karibu kila kitu, lakini hunepa ikigongwa, na ikizidiwa hupata ufa bila kumwaga vigae. Saa ya Omega Speedmaster iliyokubaliwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1965 ilikuwa na kioo hicho. Tena inasafishika: funika fremu kwa utepe, mkwaruzo unaonasa ukucha upitishe msasa wa maji namba 1000 kisha 2000, umalizie kwa dawa ya kung'arisha plastiki na kitambaa laini. Asetoni usiisogeze, huacha nyufa ndogondogo na ukungu.

Kioo cha madini ndicho kigumu kukitetea. Hukwaruzwa na mchanga, haking'arishiki kirahisi, na kikivunjika nacho hutoa vigae. Sifa yake ni bei: kikichakaa hubadilishwa.

Anayevaa saa ofisini achukue safaya. Anayeshika nyundo kutwa, akriliki inamfaa zaidi. Kioo bapa kikibadilishwa, pete yake ya plastiki nayo ibadilishwe, kikandamizwe sawasawa pande zote, na saa ipimwe kwa shinikizo kabla ya kugusa maji. Kikiingia upande, pete hubanwa vibaya na unyevu hupenya.