Kazi ya kununua mikopo ya watumishi ipo, ila uliza kwanza unalipwa kwa kipi

Madogo wanaomaliza chuo wananiuliza sana wasapu, kaka nimeona tangazo wanatafuta maafisa mauzo wa mikopo ya watumishi, niende nisiende? Nenda. Ila kabla hujasaini uliza kamisheni inahesabiwa kwenye nini.

Mimi nimeifanya miaka miwili na nusu, Morogoro vijijini, pikipiki na begi la fomu. Kwa asiyeijua iko hivi, mtumishi ana mkopo benki, ana mwingine kwenye taasisi ndogo, juu yake kausha damu ya mtaani, makato yamembana na utaratibu unataka abaki na theluthi moja ya mshahara kwahiyo hakopesheki tena. Wewe unatokea unamwambia mwalimu tunakununua. Benki yako inayalipa yale yote, yeye anabaki na deni moja, rejesho moja, tarehe moja. Kiukweli ni huduma nzuri, mtu anapumua.

Enzi zetu ilibidi ukafuate barua ya salio kule anakodaiwa, unaambiwa mtandao uko chini njoo Alhamisi, kumbe huku nyuma wanampigia mteja simu wamuongezee wao asihame 😂. Siku hizi maombi ya watumishi yanapita kwenye ESS, mfumo wa serikali wa mtandaoni ambao mtumishi anaingia mwenyewe, kwahiyo anayetegemea miguu na maneno matamu tu ajue soko lake linakwisha. Anayejua hesabu ndo atabaki.

Na hesabu zenyewe ndo hizi. Machi 2021 nilimfuata mwalimu mmoja wa msingi, mama wa makamo, akanikalisha ofisi ya walimu akanimiminia uji kwenye kikombe cha plastiki, "kunywa kwanza mwanangu, hayo madeni hayakimbii". Benki alikuwa amebakiza miezi 36 ya 150,000, taasisi miezi 12 ya 110,000, mtaani miezi mitatu ya 80,000. Kwa mwezi 340,000 zinaondoka. Ukijumlisha yote mpaka mwisho ni 6,960,000.

Nikageuza slipu yake nikaandika nyuma kwa peni. Kuyafuta yote siku ile ilikuwa kama milioni 5.5, maana ukilipa mapema riba ya miezi ya mbele inatoka. Kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka tukimnunua kwa miezi ileile 36, rejesho ni 196,000, jumla milioni saba na ka-chenji. Yani karibu hela ileile aliyokuwa anadaiwa, ila kila mwezi zinabaki 144,000 nyumbani. Hapo ndo utamu wa hii biashara ulipo na sijawahi kuona bango linaloieleza hivyo.

Shida ni kwamba kwetu kamisheni ilihesabiwa kwenye hela mpya tu. Kumnunua mtu bila kumuongezea ilikuwa unapata nauli. Kwahiyo nikaandika mstari wa pili: tukuongezee milioni moja na nusu mkononi, miezi 72, rejesho 156,000 tu. Hilo neno "tu" nililitamka mimi. Jumla yake ni 11,232,000, hiyo sikuiandika. Akaangalia 340,000 akaangalia 156,000 akacheka, akasema Mungu akubariki.

Sasa usidhani mauzo ndo mlango pekee. Kuna wachambuzi wa mikopo, hawa wanakaa ofisini na mshahara wao unaeleweka, ukiwa na vyeti vya Taasisi ya Mabenki, ile CPB ya TIOB, unasogea haraka. Kuna kukusanya madeni, mimi siipendi, ila imebadilika, Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilizifungia programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na leseni na sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo, kwahiyo habari za kumtumia meseji shangazi wa mdaiwa zinaweza kukufikisha pabaya. Wenye leseni wanahitaji watu wanaojua hizo sheria na hawapo wengi, dogo uliyesoma sheria ukakosa ajira angalia huko.

Ila kazi ninayoitamani mimi siioni kwenye matangazo. Uingereza kuna shirika la hisani linaitwa StepChange, mwenye madeni anapiga simu anapangiwa namna ya kulipa bure, na sehemu kubwa ya gharama wanachangia wadai wenyewe maana wanajua mtu aliyepangiwa vizuri analipa. Huku kwetu mtu anayekaa na mwalimu nusu saa akampigia mistari yote miwili bila kuwa na cha kumuuzia, nani anamlipa? Saccos za walimu zingeweza kuanza hata na mmoja kwa wilaya, mshahara, sio kamisheni. Nisiambiwe hela hakuna, tofauti ya mstari wa kwanza na wa pili kwa mwalimu mmoja tu ni zaidi ya milioni nne, toa hata milioni moja na nusu aliyopewa bado zimebaki karibu mbili na laki saba.

Kamisheni ya siku ile nilinunulia sabufa. Iliungua mwaka jana umeme ulivyorudi kwa kishindo. Makato ya mwalimu yanaisha Machi 2027.