Kabla hujasema nesi ana majibu mabaya, hesabu vitanda

Mama alilazwa, nami nikaruhusiwa kubaki naye usiku kwa kuwa hakuweza kujigeuza. Usiku wa kwanza dripu iliisha, damu ikaanza kupanda kwenye mrija. Nikamwita nesi. "Subiri, kaka." Nilipomfuata mara ya tatu akanijibu bila kunitazama: "Kwani mama yako yuko peke yake humu?"

Asubuhi nikaandika malalamiko, nikayatumbukiza kwenye sanduku la maoni. Kwa hasira niliyokuwa nayo, kalamu ilitoboa karatasi.

Usiku wa pili sikupata usingizi, nikahesabu. Vitanda 34, na wagonjwa wawili chini kwenye magodoro. Nesi yuleyule, na mhudumu mmoja wa usafi. Sindano za saa sita usiku alizimaliza saa nane kasoro. Chai yake ya maziwa ilikaa mezani mpaka ikafanya utando. Karibu na alfajiri akafariki mgonjwa wa kitanda cha mlangoni, akamfunika, akanawa mikono, akaja kwa mama: "Umeamkaje, mama yangu?" Sijui salamu ile aliitoa wapi.

Sisi dawa yetu ya majibu mabaya ni semina ya lugha nzuri kwa wagonjwa. Sizipingi, ila semina haimpunguzii mtu hata kitanda kimoja. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa nesi, uwezekano wa nesi huyo kuchoshwa kabisa na kazi ulipanda kwa asilimia 23, na wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 kwa asilimia 7. Kwa hiyo ule ukali tunaoununia unatoka chungu kimoja na vifo. California, jimbo jingine la Marekani, iliweka kisheria kikomo cha wagonjwa kwa nesi mmoja, na wodi ya kawaida kule nesi mmoja hutakiwa asizidishe wagonjwa watano. Watano! Sidai tufike huko kesho. Nadai idadi ibandikwe mlangoni mwa wodi, wagonjwa wangapi kwa nesi mmoja zamu hii, ili anayelalamika ajue amlalamikie nani.

Siku ya kuruhusiwa nilipita kwenye lile sanduku nikitaka karatasi yangu. Lilikuwa na kufuli. Mlinzi akaniambia mwenye ufunguo alihamishwa kitambo.