Sura ya kwanza nimeitaipu, ya pili iko wapi?

Nina sayba ndogo hapa Kondele, Kisumu, mlango wake unatazamana na stendi ya bodaboda. Kompyuta nne, printa moja yenye kisirani, na kiti cha plastiki cha wateja wanaongoja stima irudi. Ugali wangu unatokana na fomu: kodi za KRA, mkopo wa wanafunzi wa HELB, kitambulisho kilichopotea. Alhamisi jioni ni zamu ya wasifu wa marehemu, maana mazishi huku kwetu ni Ijumaa na Jumamosi, na jamaa hukumbuka kuandika siku ya mwisho.

Lakini haupiti mwezi kabla hajaja mtu mwenye kaunta buku kwapani. Huyo namtambua hata kabla hajafungua mdomo. Hapangi foleni. Anasoma bei zilizobandikwa ukutani kana kwamba anapitisha wakati tu, anangoja watu wapungue, kisha ananiinamia na kuninong'oneza: "Madam, mnataipu kitabu?"

Tunataipu. Shilingi 30 kwa ukurasa. Anafungua kaunta buku, ananionyesha palipoanza, nami nakuta jogoo anawika. Kama si jogoo, basi ni miale ya jua inapenya dirishani na kumpapasa mhusika usoni. Mhusika mwenyewe anaishi hapa hapa Kondele, ambako muziki wa vilabu haukuachi ulale na makanga wanaanza kupiga kelele kabla ya adhana, lakini bado anaamshwa na jogoo. Jogoo huyo sijui anafugwa wapi.

Kati ya wote niliowataipia, wa kukumbukwa ni mwalimu mmoja mstaafu kutoka upande wa Luanda, hii yetu ya Vihiga. Mzee nadhifu, kalamu tatu mfukoni, na kila anapokuja huleta ndizi. Sura yake ya kwanza nimeitaipu mara sita. Mara ya pili alitaka "alisema" iwe "alinena" kote. Mara ya tatu "alinena" ikawa "alitamka", ila mahali pawili ambapo aliweka "alifyatuka". Mara ya nne aliongeza aya kuhusu mawingu. Tangu aanze, mjukuu wake ametoka darasa la saba akaingia kidato cha pili. Siku moja nikajipa moyo, nikamuuliza: "Mwalimu, na sura ya pili?"

"Lazima msingi uwe imara, binti yangu."

Sikumjibu, maana ni mzee na ndizi zake nilikuwa nimekula. Lakini misingi naiona kila ninapokwenda Busia. Mawe yamepangwa, saruji imekauka, nyasi zimeota vyumbani, na mbuzi wamelala pale palipokusudiwa kuwa sebule. Msingi hauna kasoro yoyote. Aliyekosekana ni mtu wa kuinua ukuta.

Nimelifikiria jambo hili sana, kwa sababu hata mimi ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo, na nimefikia kuamini kwamba kilichotuharibu ni insha. Najua walimu watanirushia chaki. Waliosoma Kenya kabla ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kufutwa 2023 wanaielewa: dakika 40, alama 40, na daftari la misemo ulilolikariri mwaka mzima. Moyo unadunda dududu. Miguu niponye. Furaha ghaya. Hayawi hayawi huwa. Mwalimu akisahihisha alikuwa anapiga alama ya vema nyekundu juu ya kila tamathali ya usemi, na ukifika mwisho unatia methali kama mtu anayefunga mlango kwa komeo. Nilikuwa hodari sana. Insha zangu zilisomewa darasa la nane lote, na siku moja mwalimu mkuu aliniita ofisini nisomee wageni. Sifa hizo zimenila miaka kumi.

Maana mtu wa insha huandika ili apate vema katika kila sentensi. Anasimama baada ya kila nukta aone kama imependeza. Na kama haikupendeza anarudi, kwa sababu kichwani mwake kuna mtu ameketi na kalamu nyekundu. Ndiyo sababu sura ya kwanza haiishi. Insha ni kurasa mbili, unaweza kuing'arisha mpaka ikuonyeshe uso wako. Riwaya ni kurasa mia mbili, na ukiing'arisha kwa mtindo huo utazeeka kwenye jogoo.

Msomaji naye hana kalamu nyekundu. Yuko kwenye matatu ya Kakamega, amebanwa na gunia la vitunguu, na anachotaka kujua ni kama Auma atagundua kwamba dadake ndiye aliyeuza shamba.

Yangu ilinifika hivi. Niliandika riwaya, nikaimaliza kwa shida, nikaipeleka kwa mchapishaji. Wakakaa nayo miezi kumi na minne. Jibu lilipokuja lilikuwa mistari mitatu, na mmoja wao ulisema lugha ni nzuri lakini watu wote humu ndani wanaongea kama mwalimu mmoja. Nilikasirika nikautia mswada chini ya printa ili printa isiyumbe, na kusema kweli ilitulia. Baada ya mwaka nikautoa nikausoma upya. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na methali tisa. Mwenye nyumba wangu, mtu niliyemchukia nilipokuwa nikimwandika, nilikuwa nimemweleza kuwa "mlafi kama fisi, mwenye uchu usiomithilika". Nikajaribu kumwona. Sikuona mtu, niliona fisi tu.

Lililonifungua macho ni omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Jumapili moja nilikwenda soko la Kibuye, kwa mama ninayenunua kwake siku zote. Ana gorogoro mbili. (Kwa aliye mbali, gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili uliokuwa wa mafuta ya kupikia, ndio kipimo chetu cha mahindi, maharagwe na dunia nzima.) Siku hiyo ndiyo niligundua kwamba moja imebonyezwa kitako kikaingia ndani kama kidimbwi. Mimi akanipimia kwa hiyo, akajaza mpaka ikafanya mlima, akanitabasamia na kunitupia kiganja kimoja cha nyongeza. Aliyenifuata alikuwa mama aliyevaa sare ya kanisa. Huyo akapimiwa kwa gorogoro nzima, ikafutwa juu kwa kiganja, bila mlima, bila nyongeza, bila tabasamu. Baadaye nikasikia kwamba yule mama ni mwekahazina wa chama, na muuzaji wangu alikuwa na mkopo hajaumaliza.

Nilirudi nyumbani nimepunjwa lakini nimefurahi. Hapo pana ulaghai, hofu, deni, dini na urafiki wangu na yule mama, vyote ndani ya mikebe miwili, wala hakuna aliyesema "ukistaajabu ya Musa". Usiku huo nikamtoa fisi kwenye riwaya. Badala yake mwenye nyumba anaingia kudai kodi, anazima balbu iliyowaka mchana huku akilalamikia bili ya stima, kisha anatoa simu yake mfukoni na kuomba ichajiwe. Basi. Sikuongeza neno. Kila ninayemsomea hapo hucheka, halafu hunitajia jina la mwenye nyumba wake.

Sisemi methali ni mbaya. Ziko kwenye vinywa vya watu, na mahali pake ni hapo, kinywani mwa mtu mwenye sababu ya kuitumia. Nyanya anayemkata mkaza mwanawe kwa methali moja ya pembeni, hiyo ni silaha, iweke. Mwandishi anayeitumia mwenyewe kwa sababu aya imekosa utamu anatafuta vema.

Mazungumzo je? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko miswada mingi ninayoitaipu hufia. Mama mboga wa kwenye kaunta buku husema: "Ewe Otieno, utanilipa lini fedha ninazokudai?" Mama mboga wa nje ya mlango wangu husema: "Otieno, deni ya juzi imekuwa ya wiki. Ama unataka nifunge hii kibanda?" Najua, ni "deni la", ni "kibanda hiki". Msimulizi wako na aseme hivyo, tena kwa ufasaha wote aliopewa na Mungu. Ila ukimsahihisha mama huyu umemuua. Wenzangu wengine hawakubaliani nami hapa, wanasema tunawaharibia watoto lugha. Mimi naona mtoto anajua tofauti kabla hajaanza shule. Cha kuangalia ni kiasi: Sheng ya mwaka huu mwakani inanuka, na Kiluo kikizidi msomaji wa Tanga atakuacha njiani. Neno moja moja, pale tu ambapo Kiswahili hakimtoshi mhusika.

Tena watu hawajibu wanachoulizwa. Juzi mteja wangu alimpigia mkewe akamuuliza kama amefika. Sauti ikatoka kwenye simu, sote tukaisikia: "Siku hizi hata salamu hakuna." Kwenye insha angejibu ndiyo, nimefika salama salimini. Mimi nina kijitabu chini ya kibodi cha kuandikia majibu ya namna hiyo, na sioni haya.

Sasa kuhusu sura ya pili yenyewe. Ninachofanya mimi ni kidogo sana, hata naona aibu kukiita ushauri. Naandika maneno 300 kwa siku kabla sijafungua sayba, kwa kalamu, kwenye kaunta buku. Ni ukurasa mmoja na kidogo. Nikianza nasoma aya moja tu ya mwisho ya jana, nisije nikashikwa na hamu ya kurekebisha. Nikigundua kwamba mhusika alipaswa kuwa na kaka, nachora mstari pembeni, naandika "ana kaka", na kuanzia hapo ana kaka. Nitakwenda kumzaa huko nyuma nikishamaliza. Siku 200 za hivyo ni maneno 60,000, na hiyo ni riwaya kamili. Toa siku za malaria, za matanga, za wageni wasioaga, bado mwaka unatosha. Rasimu itakuwa mbaya. Yangu ilikuwa na mhusika aliyefariki akaja kuonekana harusini.

Wanaosema hawana muda nawaelewa, ila huwa namkumbuka Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo hapa Siaya. Alisomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi hiyo, akaandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1966. Zamu za wadi naamini zinachosha kuliko kompyuta zangu nne.

Kuna swali jingine ninaloulizwa kabla hata jogoo hajawika: "Madam, hii inaweza kuwa setibuku?" Yaani kitabu cha kutahiniwa shuleni. Fedha za uandishi nchini ziko shuleni, hilo halina ubishi, na kitabu kikiteuliwa kinauzwa kuliko mkate. Lakini anayeandika akiitazama KICD, taasisi ya mitaala ya shule, huandika kwa woga. Kiongozi fisadi lazima aanguke, msichana aliyetoroka shule lazima ajute, na kila aliyekosa aadhibiwe kabla ya jalada la nyuma. Ni insha tena, imevaa suti. Na kama ni milango, ipo mingine. Tuzo ya Safal-Cornell, ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea kazi za Kiswahili hata ambazo bado ni mswada. Ila mswada wenyewe uwe umekwisha. Sijasikia tuzo ya sura ya kwanza.

Kuhusu nani akusomee, sina mengi. Usimpe mumeo, usimpe mchungaji. Mpe mtu anayependa hadithi na asiyekuogopa, kisha umwangalie anapofika mahali pa kupiga miayo.

Mwalimu wangu wa Luanda bado anakuja, na bado nampenda. Lakini siku hizi ninayemngoja ni kijana mmoja wa bodaboda wa hapo stendi. Huniita Anti. Huleta kurasa nne nne, kwa sababu shilingi 120 ndizo anazoweza kutoa kwa wiki, na mwandiko wake ni kama kuku waliokanyaga wino. Tahajia yake ingemtoa machozi mwalimu yeyote. Hadithi ilianza bila jogoo: abiria amepanda Kisian akiwa na sanduku lililofungwa kwa kufuli, wanakwenda Maseno, njiani anaomba kushuka akajisaidie kichakani, harudi. Tuko sura ya tisa. Dereva amelificha sanduku chini ya kitanda, mkewe ameshaliona, na kuna mtu amekuja stendi akiuliza ni nani alimbeba mzee wa koti la kijivu.

Wiki jana nilifika mwisho wa ukurasa wa nne, nikageuza karatasi nikakuta pameishia hapo. Nikamfuata nje, yeye tayari ameshawasha pikipiki.

"We kijana, kwani ndani ya sanduku kuna nini?"

Akavaa helmeti, akacheka. "Sijafika hapo, Anti. Alhamisi, nikipata mia na ishirini."