Kibarua wa msimu wa kondoo kuzaa: aitwe, au kazi ibaki kwa mchungaji?

Kondoo wakianza kuzaa huku kwetu Dodoma ubishi ni uleule kila mwaka: utafute kibarua wa mwezi mmoja akae zizini, au umuachie kila kitu mchungaji uliyenaye, na watu wa nyumbani wamsaidie. Mimi nimekaa na kundi la mjomba kule Bahi misimu miwili na naona pande zote zina pointi, ila uzito haulingani.

Wanaokataa kibarua hawajakosea. Kondoo anabeba mimba miezi mitano, na kwa wengi wetu dume anatembea na kundi mwaka mzima, kwa hiyo anazaa mmoja leo, wawili wiki ijayo, mwingine mwezi wa tano, sasa kibarua wa mwezi umlipe akae anaangalia nini? Halafu mchungaji anawajua kondoo wake, anajua yule mwenye sikio lililochanika mwaka jana alimkataa mtoto. Na ukitaka wazae Desemba na Januari majani yamechipua, ndo muda huohuo kila kijana yuko shambani kwenye mtama na karanga, ukimpata bei yake imepanda.

Ila hilo la kwanza dawa yake ipo. Tenga dume, mrudishe katikati ya Julai wakati majike wameshiba mabua baada ya mavuno, kuzaa kutaanza katikati ya Desemba, na kwa kuwa jike ambaye hajashika mimba anarudi kwenye joto, yaani anataka dume tena, baada ya siku kama 17, wengi watamaliza ndani ya wiki tano sita. Hapo kibarua ana kazi, na kazi yenyewe ni usiku.

Msimu uliopita, mvua imenyesha, saa nane usiku kijana tuliyemchukua akaniamsha. Jike kalala anasukuma muda mrefu, imetoka pua na mguu mmoja, wa pili umekunjika ndani. Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, akarudisha kichwa taratibu, akautafuta ule mguu, akafunika kwato kwa kiganja zisichane kizazi, akaunyoosha, akavuta. Mtoto katoka kimya. Akamfuta ute, akamchokonoa pua kwa jani kavu mpaka akapiga chafya, akampaka ayodini kitovuni, akakamua chuchu kidogo zifunguke, mtoto akanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, palepale. Mchungaji wetu alikuwa amelala fofofo na simlaumu hata kidogo, toka asubuhi yuko juani na kundi, huyo huwezi kumwambia akeshe tena.

Kwa hiyo niko upande wa kibarua, lakini upande huu nao una aibu yake. Watu wanamuahidi kijana mwanakondoo badala ya hela, wakifa wawili anaambiwa "ndo walikuwa wako hao". Hiyo ni dhuluma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5, na mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, sasa hao wa darasa la tano mnaowakesha zizini Januari shule zimefunguliwa ni wa nini?

Na glavu jamani. Wengine wanasema babu zetu walishika kondo la nyuma kwa mikono mitupu na hawakufa, lakini mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa, inayoingia kwa mtu akishika damu au majimaji ya mnyama mgonjwa, iliupiga mkoa huu vibaya, mifugo ikatupa mimba na watu wakafa. Mama mjamzito ndo asisogee kabisa pale.

Mjomba tumebishana naye wiki nzima, mwisho kakubali: hela taslimu kila Jumamosi, boksi la glavu, na kondoo jike mmoja wa nyongeza watoto wakifikisha miezi mitatu. Dume tayari kamtenga.